Nafsi ya Kwanza

Saa tisa na dakika kumi usiku. Winnipeg,
nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Nimeketi jikoni, kitenge juu ya koti,
simu, kalamu, kikombe cha maji ya jana.
Kanuni ya mkalimani: usiseme "anasema".
Akisema mimi, nawe sema mimi.

Upande wa pili ni Brandon, hospitalini:
daktari mwenye sauti ya mtu aliyekosa chakula cha jioni,
na mgonjwa, Bwana Shebughe, mkata nyama wa kiwandani,
siku ya kumi na nane kitandani.
Simuoni. Nasikia tu mashine ikimhesabia.

"Kongosho lako," nikasema,
naye akauliza, "Kongosho ndiyo nini, dada?"
Miaka hamsini na mbili amekaa nalo nyuma ya tumbo,
limetulia kama mpangaji asiye na deni,
hajawahi kuambiwa jina lake.
Ini analijua, figo, bandama, nyongo;
amezipasua za nguruwe elfu kwa elfu, Mungu amsamehe,
kodi ya nyumba haiulizi.
"Aa! Kile kinyama cheupe-cheupe
tunachokitupa kwenye ndoo ya bluu."
Nikafasiri. Daktari akanyamaza.
"Ndicho," akasema. "Hicho hicho."

Kijiwe kilitoka kwenye nyongo, kikaziba njia;
maji makali ya kusagia chakula
yakakosa pa kwenda, yakaanza kumsaga mwenyewe.
Sasa yamefika kwenye mshipa.

Hapo lugha yangu ikanifanyia ubahili.
Mshipa wa damu, mshipa wa fahamu,
mshipa ule wa wanaume usiotajwa mbele ya wakwe,
na wa aibu, ambao wengine umewakatika zamani.
"Mshipa sina," akasema haraka. "Hilo liandikwe wazi."
Nilitaka kucheka. Nikafasiri bila kucheka.

"Ateri," nikarudia, "iendayo kwenye bandama.
Ukuta umelika, damu imetokeza,
kama tairi lililoisha mpaka tyubu ikachungulia."
Daktari hakutaja tairi.
Tairi ni langu, nakiri, na ni kosa kazini.
"Na vena, njia ya kurudia, damu imegandia humo."

Brandon hawana chombo. Helikopta itamleta huku;
watamwingilia pajani kwa waya mwembamba
hadi pale penye uvimbe,
wapasokote kwa nyuzi za platini
kabla hapajapasuka.
Pakipasuka, daktari akataja asilimia.
Nikaitaja.

Mashine ilihesabu. Kisha Bwana Shebughe akasema,
nami nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti, jikoni mwangu:
"Nimekubali. Nikifa,
ndani ya kiatu changu cha kazi, cha kushoto,
mna dola mia nne. Ni za Zubeda.
Asiniletee kaka zake. Naogopa.
Naogopa sana, daktari."

Nikageuka. Mwanangu yuko mlangoni, miguu mitupu,
miaka minane, Kiswahili chake cha salamu na vyakula tu.
Kila neno amelielewa.

Nikainua kidole: subiri.
Huwezi kumwacha mtu katikati ya sentensi yake.

Simu ilipokatika nikajaza fomu:
dakika ishirini na sita, kazi imekamilika.
Kumtafuta mgonjwa ni marufuku.
Hospitali ya hapa ni vituo vinne vya basi kutoka kwangu.

Nikamkalisha mtoto mapajani, mzito siku hizi,
akaweka sikio kifuani pangu, anapima.
Tukasubiri mngurumo juu ya paa.
Ulikuja, au lilikuwa katapila la theluji. Sijui.

Simu ikalia tena. Mwanamke, bili ya umeme.
"Mimi," nikasema, "sijalipa tangu Novemba."